Gitare Inalala kwa Olipa

Emilienne alikuja kununua waya ya breki, na hakuwa na baisikeli. Maneno yote yalianzia pale.

Ilikuwa soko ya Kashikishi, mwisho wa Novemba, wakati ziwa inakaribia kufungwa. Kila mwaka wakubwa wa serikali wanafunga ziwa miezi ya mvula, hakuna kuvua, wanasema samaki izae kwanza. Samaki inazaa, watoto wa wavuvi wanalala njaa, na mu sahani ya wakubwa samaki haikosi hata siku moja. Basi zile siku za mwisho kila mutu anakimbia. Chisense, vile visamaki vidogo kama dagaa, imetandazwa juu ya mahema, inameta kama misumari, wanawake wanasukumana na mabeseni, baisikeli zinapita na vikapu virefu kupita mutu anayezisukuma, na harufu ya samaki inaingia mpaka mu chai.

Elliot Kabaso alikaa fasi yake ya siku zote, chini ya mabati mawili, karibu na mama wa mikate ya kukaanga. Mutu wa miaka makumi ine na kitu, vidole vyeusi vya mafuta, shati ya bluu imefungwa vifungo mpaka juu, na ku mukono wa kushoto uzi wenye ushanga moja mweupe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baisikeli. Bibi yake wa ndoa alikufa siku gari ya kliniki ilikosa mafuta, na siku ile ile watu waliiona ikipeleka maharusi wa mukubwa moja. Tangu pale Elliot hakusalimia tena mutu yeyote aliyevaa tai.

"Jambo, Papa. Nipatie waya ya breki. Ile ya nyuma, ile murefu."

"Baisikeli iko wapi, mama?"

"Haiko."

"Sasa breki itasimamisha nini? Miguu yako?"

Mama wa mikate alicheka mpaka mafuta ikaruka. Emilienne hakucheka. Alikuwa mwanamuke murefu, amevaa kikwembe ya kijani yenye ndege za manjano, nywele zimefungwa na uzi mweusi, zimesimama juu ya kichwa kama antena. Alishusha mufuko wa unga aliobeba mugongoni, akatoa gitare.

"Ni ya hii. Waya ya breki iko na nyuzi mingi ndani. Mi nazitenganisha, naweka hapa. Uzi ya tatu imekatika."

Elliot alipangusa mikono ku suruali mara mbili. Baba yake alikuwa anatengeneza banjo za kupigia muziki ya kalindula, na alimuachia mikono ile. Akashika gitare, akafunga jicho moja, akaangalia kutoka kichwa cha shingo mpaka chini, kama mutu analenga bunduki. Akafinya uzi moja juu kabisa, akaufinya tena chini, fasi shingo inakutana na sanduku, akaangalia katikati kama uzi umeacha nafasi. Haukuacha. Ulikuwa umelala juu ya vyuma vya katikati.

"Nani alikaza chuma ya ndani ya shingo?"

"Méschac, mukubwa wa kwaya yetu kule Mantapala, mu kambi ya wakimbizi. Nyuzi zilikuwa zimepanda juu sana, vidole vinatoka damu. Akasema shingo imeinama mbele, akakaza na pensi, ile koleo ya mafundi."

"Mukubwa," Elliot alisema, kama mutu aliyetafuna haragwe mbovu. "Wakubwa ni vile. Anaona kidonda ku mukono, anafunga muguu."

Aliokota karatasi ya sigara chini, akailaza, akaisukuma ku kisigino cha shingo, pale inaingia mu sanduku. Karatasi ikaingia, ikapotea nusu.

"Unaona? Shingo haikuwa mugonjwa. Ni hapa. Kole ya ndani, ile gundi, imekufa, kisigino kinanyanyuka, njo maana nyuzi zilipanda. Sasa Méschac wako amepinda shingo nyuma bure, ugonjwa ni mbili. Na hizi waya za breki zinavuta kama ng'ombe. Siku moja utapiga Aleluya, shingo itakuja kukupiga kofi."

Pale Emilienne akacheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kupita soko.

"Bon. Nipatie tu waya."

"Awe, mama. Leo siuzishi waya."

"Unakatala biashara?"

"Nakatala kuua gitare."

Emilienne akamuangalia vizuri, ndiyo mara ya kwanza. Kisha akakaa juu ya kiti cha mama wa mikate bila kuomba, akamuambia yote. Gitare ilikuwa ya baba yake, Mwenze. Wakati wa kukimbia vita, Mwenze aliacha vyungu na magodoro, akavuka na gitare juu ya kichwa. Alipozeeka akarudi Kilwa ya Congo, ngambo ya ziwa, akamuachia binti yake gitare, na kule akafa. Mwanzo wa mwezi wa pili jamaa wataondoa matanga. Oncle Sébastien, ndugu ya mama yake, alisema nyimbo za Mwenze zitapigwa na gitare ya Mwenze. Na alisema neno lingine.

"Anasema mutoto mwanamuke haizeeke mu kambi. Nikivuka, nibakie. Nyumba ya papa inangojea."

"Basi gitare ikipona, unakwenda."

"Ikipona, naenda."

Elliot alifungua droo ya bisibisi. "Nipe majuma mawili," alisema.

Ziwa ikafungwa, soko ikapunguka, baisikeli zikakosa mizigo na Elliot akakosa kazi. Emilienne alikuja kila siku ya soko kuangalia mugonjwa. Alimukuta analegeza chuma ya ndani, robo ya muzunguko, anaacha mpaka kesho, tena robo. Shingo ikarudi polepole mpaka ikanyooka. Kisha akaja kutoa kisigino. Umeme haukuwa, wakubwa wameukata tangu asubuhi, basi birika ikachemka juu ya mbaula ya makala. Elliot akafunga mupira wa pompi ya baisikeli ku mudomo wa birika, akapeleka mvuke mu tundu dogo alilotoboa ku kisigino. Akangoja, akatikisa, akangoja. Shingo ikatoka na sauti ya jino linalong'olewa.

Emilienne akapiga kelele. "Umekata baba yangu kichwa!"

"Kaa chini, we mwanamuke. Kichwa kitarudi."

"Kisiporudi utanipa chako?"

"Changu kiko na mawazo mingi, hutakiweza."

Jioni simu zikaanza.

"Allô, Papa Elliot? Mugonjwa analala namna gani?"

"Mugonjwa analala vizuri. Fundi njo halali."

"Fundi anaumwa fasi gani?"

"Fasi karatasi haiingii."

"Aka! Nani alikufundisha kusema vile? Swahili yako ni kama mutu anatafuna muhogo ya moto."

"Na Kibemba yako ni kama mutu amemeza mufupa wa samaki. Lala muzuri, Emi wangu."

Kisha sauti yake ikaja chini: "Na weye, chéri."

Hakuna mutu aliyetaja Kilwa. Lakini Elliot alijua kila siku anayofanya kazi vizuri ni siku moja ya kumupoteza. Alichonga kibanzi chembamba cha muti mugumu, akakijaribu mu kisigino, akakichonga tena mpaka shingo ikakaa bila kucheza. Akapaka kole, akakaza yote na mipira ya ndani ya baisikeli, akaizungusha mara mingi. Hakuharibu kitu kwa makusudi, ingawa usiku alifikiri angeweza.

Mvula njo iliharibu. Ilinyesha wiki ile na wiki ingine, mpaka mwezi wa kwanza ukafika katikati. Nyumba ya Elliot ilivuja, ukuta ulitoka jasho, na kole ilibakia laini kama uji. Fasi moja tu ilikuwa kavu upande wote ule: banda ya kukaushia samaki, kule Kabuta. Ziwa imefungwa, samaki haiko, banda inalala bure. Ilikuwa ya Olipa, mudogo wa marehemu bibi yake. Elliot akalaza gitare mule juu ya rafu ya juu, na makala kidogo chini. Kila jioni alipanda baisikeli kuangalia moto, akarudi. Emilienne alipouliza, alijibu tu, "Iko fasi ya kukauka." Hakutaja Olipa, sababu jina lile lilikuwa na maneno ya watu nyuma yake.

Maneno yale yakafika yenyewe.

"Allô, Emi? Ni Bénie." Bénie alikuwa jirani yake wa Mantapala, alikwenda Kabuta kuuzisha muhogo. "Uko umekaa? Kaa. Gitare yako nimeiona. Inalala kwa Olipa."

"Olipa gani?"

"Mudogo wa bibi yake yule fundi! Batu ba hapa wanasema jamaa walimupa huyo mudogo ashike fasi ya dada yake. Ni desturi yao. Hata ule ushanga ku mukono, ni ule Olipa alimufunga. Na anakuja hapa kila jioni. Mi nakuambia, mwanaume, fasi kazi yake inalala, na yeye hayuko mbali."

Emilienne alikata simu. Kisha akamupigia Elliot.

"Gitare iko kwa Olipa?"

"Ee. Mu banda ya moshi. Kole bado..."

"Ushanga alikufunga nani?"

"Olipa. Lakini Emi, sikia..."

"Nimesikia. Kole bado, kole bado! Kumbe mwenye bado ni mi, mutoto wa kambi, wa kuchekesha soko mpaka ziwa ifunguliwe!"

Kesho yake alifika Kabuta na viatu vya mupira, kikwembe imelowa mpaka magoti. Olipa alikuwa shambani. Banda ilikuwa wazi. Emilienne alipanda rafu, akashusha gitare, akaokota karatasi. Alifanya vile Elliot alimuonyesha. Karatasi haikuingia. Alijaribu upande ule, alijaribu upande huu. Haikuingia hata ukucha.

"Muongo," alisema. "Imepona zamani."

Akafungua mipira ya baisikeli moja moja, akaitupa chini, akaenda.

Jioni ile, mu kanisa ya matofali mabichi kule Mantapala, aliweka nyuzi mupya za kweli, zile Elliot mwenyewe alimuagizia kwa Didier, mwenye bwato ya kuvusha watu. Nyuzi zikalala chini vizuri, vidole havikuuma. Kwaya ikasimama. Wimbo ulikuwa wa Mwenze, wa mutu anayeita nyumbani kutoka ngambo ya maji, na sauti ya gitare ilitoka safi, pamoja na harufu ya samaki ya moshi ambayo ilifanya watoto wa mbele kuangaliana. Beti ya pili gitare ikalia kaa! Nyuzi zote zikalegea pamoja. Kisigino kilinyanyuka, na ndani, fasi jicho halifiki, kole ilikuwa nyeupe, mbichi kama maziwa.

Méschac akaleta pensi yake. "Tukaze chuma ya ndani," alisema.

"Mukubwa," Emilienne akamujibu, "rudisha hiyo pensi fasi ulitoa."

Hakulala. Asubuhi alirudi Kabuta, amekumbatia gitare mu mufuko wa unga. Kwa Elliot hakuweza, haya ilimushika. Olipa alikuwa anafagia banda, mwanamuke mufupi, munene, citenge ya chama imefungwa kiunoni na fulana ya mupira wa miguu. Aliangalia mufuko, akaangalia uso.

"Wewe njo muizi wa gitare?"

"Ni mi, mama. Yangu."

"Yako, ee. Lakini moto ulikuwa wangu." Akamusukumia kigoda. "Elliot alikuja jana akakuta mipira chini. Alikaa pale unakaa mpaka giza. Nini kilikuuma?"

Emilienne aliangalia chini. "Ushanga."

Olipa alimuangalia, kisha akaanza kucheka, akashika ukuta.

"Ala! Sikia, mama wa Congo. Kwetu mutu akifiwa, jamaa ya bibi inaweza kumupa mudogo wa marehemu. Walituita mbele ya wote. Yeye akakatala. Mimi nikakatala kwa sauti kubwa zaidi, mutu mwenyewe ananuka grisi! Basi nikamufunga ushanga mweupe. Maana yake: enda, dada yetu amekuachilia, oa fasi unapenda. Ushanga ni mulango wazi. We uliona kufuli."

Emilienne alifunika uso na kikwembe. Olipa alikuwa tayari ana simu ku sikio. "Bashibukwe, shemeji yangu, kuja. Mugonjwa wako amerudi. Wote wawili."

Elliot alifika na baisikeli, mvula inatiririka ku kofia. Hakumusalimia. Alitoa gitare mu mufuko, akaangalia kisigino, akanusa kole.

"Karatasi haikuingia," Emilienne alisema polepole.

"Nje ilikauka. Ndani bado." Akavuta pumzi. "Nilikufundisha kipimo cha ugonjwa. Kipimo cha kupona sikukufundisha."

"Kikoje?"

"Kungoja."

"Ungeniambia ni kwa Olipa."

"Ningekuambia. Niliogopa utaenda mbele ya siku."

"Nikaenda kweli." Akamugusa mukono, pale pa ushanga. "Nisamehe, chéri."

"Leta birika," Elliot alisema. Lakini hakuondoa mukono.

Walitoa shingo upya. Emilienne alishika mupira wa mvuke, Elliot akapangusa kole mbichi na kitambaa cha maji moto mpaka muti ukaonekana, wakaiacha ikauke, akapaka mupya. Mipira ya baisikeli ilikuwa inakazwa kwa mara ya mwisho wakati simu ya Emilienne ililia. Ilikuwa Didier.

"Ya Emi, dada yangu, jitayarishe. Wakubwa wa maji wamesema, tangu Jumatatu bwato ya injini haivuki tena mpaka tupate karatasi mupya. Karatasi inatoka wapi, hawasemi. Mi navuka Jumamosi asubuhi, njo mwisho."

Jumamosi ilikuwa kesho. Matanga ilikuwa Jumapili ya wiki ile ingine.

"Kila siku," Elliot alisema, na sauti yake ilikuwa baridi. "Kila siku mutu moja mu ofisi anaamka, anakosa kazi, anafunga kitu. Ziwa. Umeme. Bwato. Gari ya kliniki." Mvula ilipiga mabati.

"Naiacha hapa," Emilienne alisema. "Naenda mikono mitupu."

"Matanga ya baba yako, mikono mitupu?"

"Sasa nifanye nini? Ikitikisika mu bwato itafunguka tena. Inataka mutu aishike sawa njia yote, tena awashe makala kule, tena ajue saa ya kuilegeza. Mi sijue."

"Mimi najua."

Olipa akaacha kufagia.

"Baisikeli za Kashikishi?" Emilienne aliuliza.

"Samaki haiko. Zikiharibika, watasukuma."

"Na oncle wangu akiuliza we ni nani? Utamujibu we ni mupira wa baisikeli?"

"Nitamujibu nimekuja kuomba binti wa Mwenze."

"Unaanza kuomba oncle mbele ya kuniomba mi?"

Elliot akaweka gitare chini polepole. Akavua kofia, maji ikamwagika ku miguu yake. "Emilienne. Nyumba yangu inavuja. Sina shule. Watu wa ofisi siwapendi, na wao hawanijui. Nakuomba."

"Nyumba ya papa haivuje," Emilienne alisema. "Tutakaa kule wakati wa mvula, tutakaa huku wakati wa samaki. Fundi mbaya weye, umechelewa. Mi nilijibu tangu siku ulikatala kuniuzishia waya."

"Mumekaza vizuri?" Olipa aliuliza. "Basi mutoke, muniachie banda yangu."

Jumamosi bwato ya Didier ilitoka na watu, magunia ya unga na mbuzi moja. Elliot alikaa chini katikati, shati ya bluu imefungwa vifungo mpaka juu, gitare imelala juu ya magoti yake, imefungwa mipira nyeusi kama mutoto mwenye mafua. Kila wimbi ilipokuja alinyanyua magoti, ikipita alishusha. Emilienne alishika mwavuli juu ya gitare, na mugongo wa Elliot ukalowa.

Ku pwani ya Kilwa jamaa walikuwa wamesimama. Mbele yao Oncle Sébastien, mutu mukubwa wa familia, koti nyeusi, tai nyekundu.

Elliot alishuka mu maji mpaka magoti, gitare mikononi. Aliona tai. Alisimama. Emilienne aliyejua habari ya tai akasimama na yeye. Kisha Elliot akatembea mpaka mbele ya muzee, na sababu mikono haikuwa na nafasi, akakunja magoti yote mawili mu mchanga mubichi.

"Jambo, Tata."

"Jambo, mwanangu." Oncle Sébastien akamuangalia, akaangalia mipira ya baisikeli. "Emi, huyu ni nani?"

"Fundi wa gitare ya papa. Na iko na neno la kukuambia, mukikaa."

"Naona iko na neno." Muzee akakuna kidevu. "Anarudi siku gani?"

"Kole ikikauka."

Oncle aligeuka kuangalia ziwa. Mawingu yalikuwa meusi mpaka Kabuta.

"Na mvula hii? Bon. Yeye alale kwa katekista. Gitare italala kwetu."

Emilienne alikumbuka simu ya Bénie, akacheka kile kicheko chake cha soko, mpaka mbuzi ya Didier ikaitika.

"Asante, Oncle," alisema. "Fasi kazi yake inalala, na yeye hatakuwa mbali."